Kuandaa safari ya asili kwa kikundi cha diaspora: Unguja na Bagamoyo

Mswahili anayeishi Houston, London au Toronto haachi kuombwa na wenzake wa kanisani au kazini: tupeleke Afrika, tukaione asili yetu. Ukikubali, usianze na tiketi. Anza kwa kukaa na kikundi na kukieleza historia ilivyo. Mtu akifika Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa la Unguja, akiamini babu yake aliuzwa pale, halafu mwongozaji akamwambia vingine mbele ya wenzake, safari inaharibika hapo hapo.

Mababu wa wengi wa Wamarekani Weusi na watu wa Karibi walichukuliwa Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola. Waliopita soko la Unguja wengi waliishia kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, au walivushwa hadi Omani na Ghuba. Kilwa ndiko kulikokuwa na njia ya kwenda visiwa vya Wafaransa: mwaka 1776 Mfaransa Morice alitiliana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kikundi kutoka Mauritius au Réunion kiongezewe siku za Kilwa Kisiwani, hata kama itabidi kupunguza za Unguja.

Kikundi cha Wamarekani nacho kina uhusiano wake na Unguja, na ni uhusiano mzito. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sultani Said mwaka 1833. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja merekani, kitambaa kilichofumwa New England kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Wapagazi walikibeba hadi Tabora na Ujiji, wakarudi na pembe za ndovu, na nyingi ya pembe hizo zilikwenda Connecticut kutengenezewa vibonye vya piano. Mtu ambaye bibi zake walichuma pamba Georgia ana sababu ya kweli ya kusimama Unguja. Hahitaji kutungiwa hadithi. Yaeleze haya kabla ya safari, katika kikao kisichopungua saa mbili, na kila mtu apewe nafasi ya kuuliza.

Idadi inayofaa ni watu 12 hadi 16. Koasta ina viti zaidi ya hivyo, lakini Wamarekani husafiri na masanduku mawili mawili, na viti vya nyuma hugeuka stoo. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Zaidi ya watu 12 nyuma ya mwongozaji mmoja, wa mwisho hasikii kitu. Kikundi cha 16 kipewe waongozaji wawili wenye leseni.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei huharibu ratiba. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, basi tazama kalenda kabla ya kulipia hoteli. Unguja mchana wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni utovu wa adabu. Mkija Julai, ulizia tarehe ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi. Siku moja ya sherehe hiyo itawafundisha wageni mengi kuhusu watu wanaoishi hapa leo.

Nyaraka ndizo huwaangusha wengi. Viza iombwe kwenye tovuti rasmi ya Uhamiaji, ambayo anwani yake inaishia na go.tz. Zipo tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo na kutoza zaidi. Viza ya kawaida ni dola 50, lakini mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulazimika kukata bima ya huko, dola 44, hata kama ana bima yake ya safari. Cheti cha homa ya manjano hudaiwa kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyesubiri ndege katika nchi hiyo zaidi ya saa 12. Hapo ndipo wanaopitia Nairobi au Addis Ababa na kulala usiku mmoja hunaswa. Kagua majina: jina la kwenye viza, tiketi na pasipoti liwe lile lile, herufi kwa herufi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, waambie mapema wasifungie viatu humo.

Kwa fedha, noti za dola ziwe mpya na zisizo na michoro. Zilizochapwa kabla ya 2006 hukataliwa karibu kila mahali. Mwaka 2025 serikali ilipiga marufuku kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mikataba na waongozaji na madereva iandike kwa shilingi. Bakshishi ikusanywe katika bahasha moja na itolewe na mtu mmoja mwisho wa safari. Wageni wasigawe pesa kwa watoto barabarani. Anayetaka kusaidia shule azungumze na mwalimu mkuu.

Ratiba sasa. Kosa kubwa la makampuni mengi ni kuweka Mkunazini saa tatu, mashamba ya viungo saa sita na kobe wa kisiwa cha Changuu saa tisa. Mtu ametoka kusimama mbele ya minyororo, saa tatu baadaye anaambiwa anuse mdalasini. Siku ya kufika iwe ya kulala tu. Ya pili, tembeeni Mji Mkongwe bila haraka na jioni mle Forodhani. Ya tatu, nendeni Mkunazini asubuhi mapema kabla jua halijawa kali na kabla vikundi vingine havijajaa, na mchana wote uachwe wazi.

Pale Mkunazini anzeni na maonyesho ya historia, ndipo mshuke vyumba vya chini. Dari ni la chini na hewa ni nzito, kwa hiyo waingie watu sita hadi wanane kwa zamu. Asiyetaka kushuka asishawishiwe. Mwongozaji aseme ukweli: jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wanabishana kama watumwa walifungiwa humo. Soko lenyewe halina ubishi. Lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na kanisa likaanza kujengwa juu ya kiwanja chake mwaka ule ule. Kisha nendeni kwenye shimo lenye sanamu tano za mchongaji Clara Sörnäs, zilizofungwa mnyororo shingoni. Hapa mwongozaji anyamaze kabisa kwa dakika kumi. Picha zipigwe baadaye, na mtu asipige picha yake mwenyewe akitabasamu ukingoni.

Wengine hutaka kumwaga kinywaji kwa ajili ya mababu. Ombeni ruhusa siku kadhaa kabla, maana ni uwanja wa kanisa, na tumieni maji: pombe hadharani katika mji wa Waislamu itawaudhi wenyeji. Waonyeni pia wasimwangalie kila mwenye sura ya Kiarabu kama mkosaji. Biashara ile ilikuwa na Waarabu, Waswahili, wakopeshaji wa Kihindi na wanunuzi wa Ulaya na Marekani, na ndugu wa waliouawa katika Mapinduzi ya mwaka 1964 bado wako hai.

Siku ya nne ni Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kaskazini, kwenye chumba kilichochongwa ndani ya jiwe la matumbawe. Biashara iliendelea kwa siri baada ya soko kufungwa. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Vaeni viatu vya kufunga, mchukue na tochi.

Kisha pandeni boti hadi Dar, kama saa mbili. Pasipoti zikae mkononi, zisiingie kwenye mzigo. Kutoka Dar nendeni Bagamoyo, mkae siku mbili: Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, magofu ya Kaole na misheni ya mwaka 1868, ambako Chuma, Susi na wenzao walifikisha mwili wa bwana wao, mpelelezi David Livingstone, mwaka 1874 baada ya kuubeba kwa miguu kutoka bara. Mchana wa pili panga darasa la ngoma na wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wageni wacheze wenyewe badala ya kukaa kwenye viti.

Kuna jambo dogo linaloumiza kuliko yote, na waandaaji wengi hawalitaji: Mmarekani Mweusi aliyekuja nyumbani huitwa mzungu na watoto wa mtaani. Wengine hulia. Waeleze kabla ya kuondoka kwamba mtoto anaitazama kamera, mavazi na lugha. Kisha wafundishe shikamoo, marahaba, hujambo na sijambo mpaka ziwatoke bila kufikiri. Mzee wa barazani akiamkiwa shikamoo na mgeni, mara nyingi humsogezea nafasi akae.