Kuanzisha intaneti ya ushirika kwenye AMCOS ya korosho

AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, inayotaka kuwasambazia wanachama intaneti isianze na mnara. Viongozi, fungueni kwanza masharti ya chama. Huduma ya mawasiliano ikiwa haimo, mkutano mkuu upitishe marekebisho na Mrajis wa Vyama vya Ushirika ayasajili. Kuuzia watu intaneti bila leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ni kosa hata kama hamtafuti faida, na redio nazo, yaani vifaa vya kurusha intaneti hewani kutoka nguzo hadi nguzo, ziwe zimeidhinishwa.

Chanzo kinachoeleweka ni TTCL, shirika la umma linaloendesha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Bando la nyumbani halifai. Ombeni mkataba wa jumla wenye kibali cha maandishi cha kuwauzia wanachama, na muulize kama kasi hiyo ni yenu peke yenu au mnagawana na wateja wengine. Megabiti 20 kwa sekunde zenu wenyewe zinaweza kuwafaa kuliko 100 za kugawana; tofauti mtaiona saa mbili usiku, watu wengi wakiwa mtandaoni.

Kushusha mawimbi kutoka ukingoni mwa uwanda wa Makonde pale Newala hadi vijiji vya bonde la Ruvuma ni kazi nyepesi. Ugumu uko juu ya uwanda wenyewe, kijiji kwa kijiji, maana ni tambarare na mikorosho imejaa. Kuiona nguzo ya pili kwa darubini hakutoshi. Kwa redio za gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita 10, mawimbi hutanuka: katikati ya njia yanataka mita 7 tupu juu ya kizuizi chochote, na mviringo wa dunia unakula mita 1.5 nyingine. Mkorosho wa mita 12 unawapeleka kwenye nguzo za mita 21 kila upande. Penye mwembe mrefu, kateni safari vipande viwili. Acheni na akiba ya nguvu, kwa sababu majani yaliyolowa hula mawimbi kuliko makavu. Njia iliyopimwa Septemba ikaonekana safi huanza kukatika Januari. Nguvu ya mawimbi yanayofika hupimwa kwa dBm, na namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu: lengeni dBm -55 hadi -60. Ikifika -75, kasi itashuka sana.

Umeme: redio mbili na rauta hutumia wati 22 hivi, yaani wati-saa 530 kwa siku nzima. Betri ya asidi ya 12V 100Ah inatosha usiku kucha, ila msiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Paneli iwe ya wati 200. Ushirika wa Zenzeleni huko Mankosi, Afrika Kusini, umechajia watu simu kwa sola ya mtandao. Mkiiga, biashara hiyo ipewe betri yake.

Waya wa mtandao, unaopandisha data na umeme hadi kwenye redio, uwe wa shaba halisi, wa kutumika nje, usizidi mita 100. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi dukani lakini hupoteza umeme njiani, redio ikawa inajizima na kujiwasha. Kizuia radi kiwekwe ncha zote mbili, nguzo ifungwe kwenye fimbo ya ardhini. Mikindani na Kilwa, ambako kuna chumvi ya bahari, boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Sasa pesa, na hapa ndipo mitandao ya namna hii hufia. Bili ya intaneti huja kila mwezi. Pesa ya korosho huja msimu wa minada, Oktoba hadi Januari. Ada ya kila mwezi kwa mkulima ifikapo Mei ni kujidanganya. Chukueni bili ya miezi 12, ongezeni asilimia 20 ya vipuri, muigeuze kuwa makato ya kila kilo yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na ikae akaunti ya peke yake, isichanganywe na pesa ya magunia na viuatilifu. Walimu, wauguzi na bodaboda wasio na mikorosho wanunue vocha. Hao ndio watakaoleta senti za Februari hadi Septemba.

Kwenye rauta, kila kaya iwekewe kikomo cha kasi cha megabiti 3 kwa sekunde jioni. Bila hivyo, simu moja inayopakua masasisho itamaliza kasi ya kijiji kizima, na lawama zitamwendea katibu.