Kolamu ya pesa kwenye databesi: weka DECIMAL, FLOAT achana nayo

Kama unatengeneza tebo na ndani yake kuna bei au salio, usiguse aina za kolamu za FLOAT wala DOUBLE. Hizo zinaandika namba kwa mfumo wa mbili, yaani 0 na 1 tu, na 0.1 haiandikiki kamili kwa mfumo huo, kama vile theluthi moja isivyoisha ukiiandika kwa desimali, ndo maana ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Utasema aah kadogo hako, haya subiri ujumlishe miamala laki moja halafu mhasibu akuulize hii senti imetoka wapi. Na FLOAT ya biti 32 ndo balaa kabisa, 16,777,217 haiwezi kuitunza, inakugeuzia kuwa 16,777,216, yaani hapo hata senti haijahusika, imekwenda moja nzima.

Weka DECIMAL, hiyo inatunza desimali kama ulivyoziandika, au NUMERIC, kwenye databesi ya PostgreSQL ni kitu kimoja tu. Wengi wanakosea kusoma DECIMAL(15,2), wanadhani ni tarakimu 15 mbele ya nukta, hapana, 15 ni jumla yote, kwa hiyo mbele zinabaki 13. Kama unapiga hesabu za riba au kubadilisha fedha weka angalau 4 nyuma ya nukta, kukadiria (rounding) ufanye mwishoni, sio kila hatua.

Kuna wanaohifadhi senti kwenye namba nzima, 1,250.50 inakuwa 125050. Safi tu, ila iwe BIGINT, aina ya namba nzima kubwa, maana INT ya kawaida inaishia 2,147,483,647, ukiigeuza kutoka senti hiyo ni milioni 21 na ushee, unaijaza mapema sana. Halafu sio kila sarafu ina senti mia, yeni haina kabisa na dinari ya Kuwait inagawanyika mara elfu, so weka na kolamu ya CHAR(3), yaani herufi tatu, ya kifupi cha sarafu, JPY ya yeni, KWD ya dinari ya Kuwait, hata kama leo unatumia moja.

Mimi huwa naenda na DECIMAL, isipokuwa kwenye databesi ya SQLite, hiyo inakuacha uandike DECIMAL bila kelele kumbe desimali zako inazitunza kama floti, huko tumia senti.

Na kama tebo tayari ina FLOAT, chukua bakapu kwanza, badilisha kwa amri ya ALTER TABLE, kisha linganisha jumla ya kabla na ya baada, na cheki kodi ya programu yako (code) pia isije ikawa inasoma DECIMAL vizuri halafu yenyewe inaigeuza floti.