Jinsi ya kuomba fidia ya WCF unga wa salfa au saruji ukikudhuru ngozi au macho

Msimu wa kupuliza ukifika, ukipita Newala au Tandahimba alfajiri utaisikia harufu kabla hujaliona bomba. Ni salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Kabla ya kufika shambani, unga huo umeshapita kwa makuli wa bandarini Mtwara, wapakiaji wa malori na watunza ghala wa vyama vya msingi vya ushirika. Jioni wengi wao wana macho mekundu na shingo inayochoma. Wananawa, wanalala, na asubuhi wako kazini tena.

Nimekuwa karani wa ghala misimu kadhaa, na fomu za aina hii nimewasaidia watu kuzijaza. Kinachoyakwamisha madai mengi ni kwamba ngozi hupona kabla ya mtu yeyote kuiandika. Muwasho wa unga hutulia ukikaa mbali nao siku chache. Ukienda hospitali wiki ya pili, daktari atakuta ngozi safi, na wewe huna cha kuonyesha. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye siku tatu za mwanzo, na fomu zenyewe nitazipitia haraka.

Nani anaweza kuomba

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ukaanza kazi Julai 2015. Unawahudumia waajiriwa wa Tanzania Bara, wa serikali na wa sekta binafsi, walioumia, kuugua au kufariki kutokana na kazi. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukiona kwenye hati yako ya mshahara makato yanayoitwa WCF, uliza mara moja, kwa sababu hayatakiwi kutoka kwako.

Kibarua naye asijitoe mapema. Makubaliano ya mdomo ni ajira. Ugumu wake ni kuyathibitisha. Daftari la mahudhurio, malipo yaliyoingia kwenye simu, hata ujumbe wa msimamizi unaosema "kesho njooni saa kumi na moja", vyote vihifadhi. Anayepuliza mikorosho yake mwenyewe yuko nje ya utaratibu huu.

Osha kwanza

Unga ukiingia jichoni, usisugue. Fumbua kope kwa vidole na umimine maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, huku ukizungusha jicho. Salfa haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kupangusa kwa kitambaa kibichi hakuiondoi, maji mengi ndiyo yanayoibeba. Maziwa ya mama, tui na limau viacheni jikoni. Kwenye ngozi, pukuta unga mkavu kwanza, vua nguo, ndipo uoge kwa sabuni. Usipake mafuta juu ya unga, yataushikilia pale pale.

Saruji ni habari nyingine. Ikichanganyika na maji, pH yake hupita 12, nayo huunguza. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni inaweza isiume. Fundi hupiga magoti kwenye zege asubuhi, suruali imelowa, na jioni ndipo anakuta ngozi imechubuka hadi nyama. Saruji jichoni ni dharura: anza kuosha hapo hapo, kisha kimbilia hospitali mara moja hata kama unaona vizuri.

Mwambie mwajiri, kwa maandishi

Siku hiyo hiyo mwambie msimamizi, na ahakikishe imeandikwa kwenye daftari la matukio. Kama daftari halipo, tuma ujumbe wa simu wenye tarehe, saa, unga gani, ulikuwa unafanya nini na wapi panauma. Mmoja wa wapakiaji wetu aliambiwa, "Salfa tu hiyo kaka, nawa uso." Akanawa. Hakumwandikia mtu, na alipotaka kudai baadaye hakukuwa na mstari hata mmoja wenye tarehe.

Piga picha mwangani, weka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa, na urudie pembe ile ile siku ya pili na ya tatu. Maabara nazo hufuata kanuni kama hiyo. Unga unapopimwa kama unawasha ngozi, kwa njia ya zamani ya wanyama, nusu gramu iliyoloweshwa kidogo huwekwa kwenye ngozi kwa saa 4, kisha wekundu na uvimbe husomwa baada ya saa 1, 24, 48 na 72, kila kimoja kikipewa alama kutoka 0 hadi 4. Siku hizi kuna vipimo vinavyotumia tabaka la seli za ngozi ya binadamu zilizooteshwa maabara. Picha zako za siku tatu zitampa daktari mwenendo huo huo.

Piga picha na lebo ya mfuko, pande zote: jina la bidhaa, alama za tahadhari, namba ya toleo. Muombe mtunza ghala karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali. Salfa kwa mfumo wa Ulaya imewekwa kundi la vitu vinavyowasha ngozi, kwa hiyo neno "haina sumu" lisikuzuie kudai. Kutokuua ni jambo moja, kutowasha ni jingine.

Hospitalini

Nenda ungali na dalili. Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Lindi kuna Sokoine. Wa Masasi wako karibu na Ndanda, na wa upande wa Mtama wana Nyangao. Jambo la kwanza kumwambia daktari ni kazi yako. Ukisema "nawashwa" tu, utapewa dawa ya fangasi na kuandikwa hivyo, na cheti hicho kitakusumbua baadaye.

Daktari atataka kutenganisha muwasho wa unga na mzio. Msaidie kwa majibu yaliyonyooka. Muwasho hukaa pale unga ulipogusa na jasho lilipokusanyika: mikunjo ya shingo, kiunoni penye mkanda, mstari wa soksi, ukingo wa barakoa. Huweza kumpata yeyote, na mara nyingi wenzako wa zamu nao wanao. Mzio humchagua mtu, huja baada ya mwili kukutana na unga kwa muda, na huweza kuenea hata pasipoguswa. Saruji huleta vyote viwili, kwa sababu ya kromiamu iliyomo. Akishuku mzio, anaweza kukupeleka kwenye kipimo cha kubandika vipande mgongoni, vinavyokaa saa 48 kabla ya kusomwa.

Swali litakalokusaidia kuliko yote ni hili: ukiwa likizo inakuwaje? Kama hupona ukiwa nyumbani na kurudi wiki ya kwanza kazini, omba liandikwe kwenye faili kwa maneno hayo hayo.

Kwa jicho, uliza kama linaweza kupimwa kwa rangi ya fluoresini. Tone moja, mwanga wa bluu, na mkwaruzo kwenye kioo cha jicho hung'aa kijani. Kipimo hiki kinawafaa sana wa migodi ya grafaiti Ruangwa na machimbo ya jasi Kilwa, maana unga wao hauunguzi kama saruji, hukwaruza. Mkwaruzo mdogo unaweza kupona ndani ya siku mbili, basi usingoje Jumatatu.

Ondoka na cheti cha matibabu, risiti zote na karatasi ya ED kama umepewa mapumziko.

Fomu

Taarifa kwa WCF hupelekwa na mwajiri, kwa fomu ya karatasi au kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mfuko. Kuna fomu ya ajali na ya ugonjwa, na hapa watu hukosea. Mfuko wa salfa ukikupasukia usoni, hiyo ni ajali, ina saa na dakika. Ngozi iliyoharibika polepole msimu mzima ni ugonjwa. Kuna sehemu ya mwajiri, yako na ya daktari. Zisome zote kabla ya kusaini, hasa maelezo ya tukio. "Alipata muwasho" haitoshi. Iandikwe "alipokuwa akipakua mifuko ya salfa, mfuko ulipasuka".

Ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, mkataba au ushahidi wa ajira, hati ya mshahara, taarifa ya daktari, risiti, picha na namba ya akaunti. Hati ya mshahara usiidharau: malipo ya ulemavu wa muda hukokotolewa kwa asilimia 70 ya kipato chako.

Mwajiri akisuasua, nenda mwenyewe ofisi ya WCF au kwa Afisa Kazi wa mkoa ukiwa na nakala zako. Sheria inatoa miezi 12 ya kuwasilisha dai, ila kila wiki inayopita humfanya shahidi wako asahau. Kama mwajiri hajajisajili, hilo ni kosa lake. Peleka taarifa hivyo hivyo.

Ukishawasilisha

Chukua namba ya dai na ufuatilie. Mfuko unaweza kukuita upimwe tena na daktari wake. Nenda na picha za siku tatu. Usiporidhika na uamuzi, omba kwa maandishi upitiwe upya, ukitaja karatasi ipi haikuzingatiwa. Ukirudi kazini kabla halijaamuliwa, omba miwani inayoziba pembeni na glovu, na ombi hilo nalo liwe kwenye ujumbe wenye tarehe. Nakala zote ziweke nyumbani. Droo ya ghala hufunguliwa na kila mtu.