Kuja Ujiji kwa Sikukuu: Hesabu Mwezi Kwanza

Ukitaka kuja Ujiji, mkoani Kigoma, kwa Maulidi au Idd, usianze na tiketi wala chumba. Anza na mwezi. Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tuna kalenda mbili zinazokwenda kwa mwezi huohuo mmoja: ya msikiti na ya dagaa. Mimi nauza dagaa sokoni Mwanga, na uani kwangu kuna vyumba ninavyowapangisha wageni siku za sikukuu. Kila Maulidi hakosi mgeni wa kuniuliza taa za wavuvi ziko wapi, maana kaziona kwenye picha na amesafiri kuja kuzitazama. Namwambia azime simu atazame juu.

Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Mwanga huvuta vidudu vya majini, dagaa hufuata vidudu, wakishasongamana wavu unainuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikitanda, taa ya mvuvi haina kazi tena, dagaa wametawanyika ziwa zima. Kwa hiyo mwezi ukikaribia kuwa mpevu, wavuvi huvuta vyombo ufukweni, hushona nyavu na kulala majumbani mwao.

Sasa weka hilo kando ya kalenda ya Kiislamu. Maulidi ni tarehe 12 Mfungo Sita, yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, mwezi umeshajaa karibu wote. Idd el-Fitri ni mwandamo wa Mfungo Mosi, giza tupu. Idd el-Hajj, tarehe 10 Mfungo Tatu, mwezi umeshakua. Na ndugu zetu Wakristo wasidhani wamepona: Pasaka nayo huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, ndiyo maana Ijumaa Kuu, siku ambayo kila jiko linataka samaki, dagaa wabichi huwa wa kutafuta kwa tochi.

Ushauri wangu basi ni huu. Ukitaka watu, njoo Maulidi: wavuvi wako nchi kavu, vijana wamerudi nyumbani, mitaa imejaa. Ukitaka ziwa, njoo Idd el-Fitri, na ukae siku tatu nne baada yake. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo sikukuu husogea nyuma kila mwaka. Mwaka 2025 Maulidi iliangukia mwanzoni mwa Septemba, na kwa miaka hii michache itabaki kwenye kiangazi, wakati Idd el-Fitri inaangukia Machi, mvua zikiwa bado zipo. Beba mwavuli kwa hiyo ya pili. Kwa ya kwanza beba sweta, maana upepo wa kusini huvuma kiangazi chote na ziwa huchafuka, hasa mchana.

Tuanze na Maulidi, maana hapo ndipo wageni huuliza maswali mengi. Kisomo kikubwa huanza baada ya sala ya Isha na huenda mpaka usiku mwingi, kwa hiyo lala kidogo alasiri. Maulidi ya msikitini au ya madrasa hayahitaji mwaliko. Ya nyumbani kwa mtu, nenda na mwenyeji anayejulikana hapo. Wanaume wana upande wao na wanawake wao; mwanamke asiye na baibui, khanga mbili na mtandio zinatosha kabisa, wala hakuna atakayekutazama mara mbili. Viatu vitie kwenye mfuko ukae navyo. Viatu mia mlangoni usiku, kila mtu na haraka yake, vyako utavitafuta hadi alfajiri.

Kisomo kikifika kwenye kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama. Hapo ubani unafukizwa, marashi yanarushwa, na kasida zinapanda. Simama nao hata kama si Mwislamu, na simu iweke chini. Kabla ya hapo, ukitaka kupiga picha za dufu na watoto wa madrasa waliovaa kanzu nyeupe, mwombe maalimu wao, atakubali. Usimwombe mtoto. Watu wa tarika ya Qadiria wakifunga duara la dhikri, la kumtaja Mungu kwa pamoja, wewe kaa nje ya duara na usipite katikati kutafuta pembe nzuri ya picha. Nimeshaona kijana akifanya hivyo, na mzee mmoja akamshika mkono taratibu akamketisha kama mtoto. Hakuna aliyemgombeza. Aibu ilimtosha.

Kuhusu kuchangia: wageni wengi hutoa bahasha usiku mbele za watu. Si vibaya, lakini hivyo hutamjua aliyeamka saa kumi kuosha masufuria. Nenda asubuhi na kilo za sukari au mchele, umkabidhi mama mwenye nyumba jikoni, umpe shikamoo, kaa ukatakate vitunguu kidogo. Usiku huo pilau yako haitachelewa. Italetwa kwenye sinia, watu wanne au watano pamoja, mkono wa kulia, na kila mtu hula mbele yake. Nyama iko katikati. Subiri mkubwa wa sinia aigawe.

Mchana wa Maulidi huwa mrefu na hauna kazi. Huo ndio wa kwenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone, hapahapa Ujiji, ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871. Kuna mnara, makumbusho na miembe. Saa moja inatosha. Mwulize mwongozaji habari za misafara ya pembe na watumwa iliyotoka hapa kwenda Bagamoyo kwa miguu, maana hao wazungu wawili walikuta mji, hawakuuleta. Wapelelezi Burton na Speke walikuwa wameshapita hapa mwaka 1858, na hata wao waliikuta njia ya misafara.

Sasa Idd el-Fitri. Usikate tiketi ya kurudi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi ukiandama, Mufti hutangaza. Usipoonekana, mfungo unakamilishwa siku 30. Na wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine, hivyo mtaa mmoja unaweza kula Idd leo na wa pili kesho. Jiachie siku mbili za ziada. Siku yenyewe watoto hushuka ufukweni na nguo mpya, na wenye mitumbwi huwazungusha kwa nauli ndogo. Chombo kisicho na jaketi okozi, au kilichojaa hadi ubao wa juu unagusa maji, usipande, hata kama mwenye chombo ni shemeji yako. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina zaidi, na hata karibu na nchi kavu kuna sehemu linazama ghafla.

Usiku wa pili au wa tatu, taa zinarudi majini. Usiwasumbue wavuvi wakuchukue. Wako kazini na chombo hakina nafasi ya mtu wa kupiga picha. Panda mwinuko wowote upande wa Bangwe au Katonga, ukae na mwenyeji, utaona mji mwingine umewaka ziwani. Halafu lala, uamke kabla ya jua ushuke mwaloni Katonga vyombo vinapoingia. Kina mama wenye mabeseni wanajua bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Ziwa limepanda sana tangu 2020, kwa hiyo usishangae ufuo ulioelekezwa na aliyekuja zamani ukiwa umemezwa na maji.

Gombe? Inawezekana, lakini si siku ya Idd. Ndiko Jane Goodall alikoanza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, na hakuna barabara, ni maji tu. Mitumbwi ya abiria huondoka mwalo wa Kibirizi kuelekea vijiji vya kaskazini na hukushusha njiani. Ni nafuu, ila lazima ulale huko, kwani ya kurudi hupita asubuhi. Boti ya kukodi hukurudisha siku hiyohiyo, nayo bei yake mgawane watu kadhaa. Ukiwa na mafua hutaruhusiwa kuwakaribia sokwe, kwa sababu magonjwa yetu huwapata. Mliokula sinia moja na watu watano wiki nzima mjichunguze kwanza. Na Mtanzania asisahau kitambulisho, kiingilio chake ni tofauti sana na cha mgeni wa nje.

Njia ya kuja ni fupi kueleza. Reli ilifika Kigoma mjini mwaka 1914 na haikuwa na pa kwenda tena, kwa hiyo huwezi kupitiliza. Basi kutoka Tabora hupita Urambo, Kaliua na Uvinza. Ukishuka Kigoma mjini, daladala za Ujiji hupitia Mwanga. Wiki ya sikukuu vyumba vya Ujiji hujaa na ndugu za watu, hivyo mwombe mwenyeji mapema au lala mjini.

Mwisho ni mzigo. Dagaa wanunue giza likiwa limeshakaa siku kadhaa, hapo bei inashuka. Wakati wa Maulidi utauziwa wa akiba kwa bei ya mbalamwezi. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, si mchangani. Shika kiganja kimoja, sugua, kisha utafune mmoja: mchanga utausikia menoni. Wawe wanang'aa, vichwa havijakatika ovyo. Wafunge kwenye karatasi kisha kiroba, usiwatie kwenye nailoni wakakosa hewa, wataoza Tabora hujafika. Ukinunua na mawese, yaweke kwenye dumu lenye mfuniko wa kusokota, zungushia mfuko shingoni, na usimpe kondakta aweke chini ya basi penye mabegi ya watu. Lipakate mwenyewe.