Vipandikizi au Kunyanyua Matiti: Pima Kwanza, Ndipo Uchague

Anza na sidiria. Vaa inayokukaa sawasawa, isiyo na sponji, kisha simama ubavu mbele ya kioo. Ikiwa ndani ya sidiria hiyo unajiona umejaa vya kutosha, na kinachokusikitisha ni kile unachokiona ukiivua, basi shida yako ni ngozi iliyolegea na dawa yake ni kunyanyua kwa upasuaji. Ikiwa hata ndani ya sidiria vikombe vinabaki vitupu juu, umepungukiwa na ujazo, na hapo ndipo vipandikizi vya silikoni, vifuko vinavyotiwa ndani ya titi kulijaza, vinapofaa kuzungumziwa. Waliozaa na kunyonyesha mara tatu, nne, mara nyingi hukuta wana yote mawili.

Baada ya sidiria, kalamu. Simama wima, mikono chini, uiweke kalamu ikiwa imelala kwenye mkunjo wa chini ya titi, pale titi linapokutana na kifua. Tazama chuchu iko wapi ukilinganisha na kalamu. Ikiwa juu yake, titi halijalala, au limelala nyama ya chini tu, na kipandikizi peke yake chaweza kutosha. Ikiwa sawa na kalamu, uko mpakani, na hapo jicho la daktari ndilo linaloamua. Ikiwa chini ya kalamu, unahitaji kunyanyuliwa, utake usitake silikoni. Na ikiwa chuchu ndiyo sehemu ya chini kabisa na inatazama sakafu, usikubali mtu akuambie kipandikizi kitaiinua.

Chukua pia futi ya fundi cherehani, upime kutoka kijishimo cha chini ya koo hadi kwenye chuchu, kila upande peke yake. Titi lililokaa juu huwa kwenye sentimita 19 hadi 21 kwa wanawake wengi wa kimo cha wastani. Andika namba zote mbili. Tofauti ya sentimita 2 kati ya kulia na kushoto haifichwi na vipandikizi, huonekana zaidi.

Kosa linalorudiwa sana ni kutia kipandikizi ili kuepuka makovu ya kunyanyua. Kutia farumi, ule mzigo wa kutuliza chombo, jahazini hakutweki tanga. Kipandikizi cha mililita 300 kina uzito wa karibu gramu 300, na ngozi iliyokwisha kulegea haiubebi mzigo huo. Ama kipandikizi hubaki juu kifuani huku nyama yako mwenyewe ikiteleza chini yake, ama vyote viwili huteremka pamoja. Mwisho wake ni upasuaji wa kunyanyua ule ule uliokuwa ukikimbiwa, sasa kwenye ngozi nyembamba zaidi.

Kunyanyua nako kuna bei yake, na bei hiyo ni kovu. Titi lililolala kidogo huweza kushonwa kuzunguka duara la chuchu tu. Lililolala zaidi huongezewa mstari wa kwenda chini hadi kwenye mkunjo, na lililolala sana huongezewa mwingine unaofuata mkunjo wenyewe, mfano wa nanga. Ujazo hauongezeki. Wengine hushangaa kuona titi limekaa juu lakini linaonekana dogo kuliko zamani, na ule mjao wa juu hupungua tena kadiri miezi inavyopita.

Kwa ngozi zetu, suala la kovu lisipitwe mbio. Tazama matundu ya masikio, kovu la chanjo mkononi na mshono wa uzazi kama unao. Likiwapo hata moja lililovimba, likawa gumu, linawasha na limevuka mipaka ya jeraha la awali, hilo ni keloidi. Mwonyeshe daktari kabla hajakushika. Kovu la kipandikizi ni la sentimita 4 au 5 na hujificha kwenye mkunjo. La nanga ni refu mara kadhaa, na kwa mtu wa keloidi tofauti hiyo yaweza kubadili uamuzi wote.

Ukielekea kwenye silikoni, jua kwamba si ya maisha. Mwili hujenga utando kuizunguka, na utando huo ukikaza, titi huwa gumu, huuma na hupinda umbo. Ganda la kipandikizi laweza kupasuka bila dalili yoyote, ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri picha ya MRI au ultrasaundi mwaka wa 5 au 6, kisha kila miaka 2 au 3. Kwa mkaazi wa Pate au Faza, visiwani Lamu, hizo ni nauli za kuhesabiwa tangu sasa. Uliza pia aina ya ganda. Lenye mikwaruzo limehusishwa na saratani adimu ya limfu, na Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni vipandikizi vyake vya BIOCELL duniani kote. Omba ganda nyororo, na usitoke hospitali bila kadi yenye jina la mtengenezaji na nambari ya utambulisho.

Ukubwa ujaribu nyumbani. Pima mchele mkavu kwa kikombe chenye alama za mililita, utie ndani ya soksi ya nailoni, ufunge, uuvae ndani ya sidiria kubwa siku mbili tatu ukifanya kazi zako. Anza na 250. Mgongo utakujibu upesi kuliko kioo.

Anayehitaji vyote viwili asishangae daktari akitaka kuvitenganisha kwa miezi 3 hadi 6. Operesheni moja hupunguza ngozi, nyingine huitanua. Zikifanywa siku moja, hatari ya mshono kuachia au kurudiwa upasuaji huongezeka.

Wakati wenyewe: subiri miezi 6 tangu mtoto aache ziwa, na uzito uwe umetulia. Kama bado unataka kuzaa, ngoja. Mimba hulegeza tena kilichonyanyuliwa, na mkato wa karibu na chuchu waweza kudhuru mishipa ya maziwa. Sigara na shisha ziachwe wiki 4 kabla na 4 baada, kwani nikotini hubana mishipa ya damu na chuchu yaweza kufa. Aliyepita miaka 40 apige eksirei ya matiti (mamografia) kwanza.

Mtafute daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki, si "mtaalamu wa urembo" wa mtandaoni, na umkague kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Ikiwa operesheni ni Mombasa au Nairobi, panga kubaki huko siku 7 hadi 10. Kupanda boti ya Lamu pale Mokowe au Manda kunataka mtu ajivute kwa mikono, na mikono ndiyo uliyokatazwa kuitumia.

Nyumbani, wiki 6 hakuna ndoo ya maji, hakuna kukuna nazi kwa mbuzi, hakuna kubeba mtoto. Mkandaji umshukuru na umrudishe: ngozi iliyokufa ganzi huungua kwa maji ya moto bila wewe kusikia. Liwa na mafuta ya habasoda yakae mbali na mshono. Maji yasiguse jeraha mpaka daktari aruhusu, na swala iwe ya kukaa kitini mpaka kuinama kusiume.

Titi moja likivimba ghafla kuliko jingine, chuchu ikigeuka nyeusi, usaha ukitoka, kigimbi cha mguu kikiuma au joto likifika 38, usingoje asubuhi. Mpigie daktari aliyekupasua, na huku unaelekea hospitali ya King Fahd, Lamu, au hospitali ya Malindi kama uko upande huo, ukiwa na kadi ya kipandikizi na karatasi za operesheni mkononi.