Kupima kama kandida inamwaga vimeng'enya nje: duara kwenye agari ya albumini

Candida albicans, fangasi yule wa utando mweupe mdomoni na muwasho ukeni, ana jeni 10 za familia ya SAP, zote za vimeng'enya vinavyokata protini. Kimoja wapo, Sap2, hupita Golgi (kituo cha kufungashia protini ndani ya seli), ambako kimeng'enya kingine, Kex2, hukata kipande kinachoizuia kufanya kazi, kisha vifuko huibeba hadi kwenye utando wa seli na kuimwaga nje. Sap9 na Sap10 hubaki zimenasa kwenye utando na ukuta wa seli. Vikata-protini vingine hupelekwa kwenye vakuoli, mfuko wa kumeng'enyea ulio humo humo ndani ya seli. Kipimo hiki kinaonyesha kilichotoka nje: kimeng'enya hula protini ya albumini iliyochanganywa kwenye agari (jeli ya kukuzia vijidudu), pakabaki duara kuzunguka koloni.

Hatua ya 1: agari. Hapa ndipo wengi huharibu. Kwa mililita 100, weka gramu 2 za agari kwenye maji mililita 80, pika kwenye otoklevu (chombo cha mvuke wa shinikizo) 121°C kwa dakika 15. Pembeni, kwenye maji mililita 20, yeyusha gramu 1.17 za Yeast Carbon Base (unga wa chakula chenye sukari, bila chanzo cha naitrojeni) na gramu 0.2 za albumini ya damu ya ng'ombe. Shusha pH hadi 5, tone kwa tone, halafu pitisha kwenye chujio la mikromita 0.22. Albumini usiipike, itaganda kama ute wa yai. Na pH irekebishwe kwenye maji haya tu: agari ikipikwa pamoja na asidi hulegea, sahani zikabaki uji. Changanya agari ikipoa hadi 50°C, umimine.

Soma lebo ya kopo mara mbili. Siku moja nilichukua Yeast Nitrogen Base iliyokuwa rafu hiyo hiyo. Ina amonia. Duara hata moja hakuna, maana jeni ya SAP2 huwaka pale fangasi anapokuwa hana naitrojeni nyingine ila ya protini. Wiki nzima ilikwenda na maji.

Hatua ya 2: kupanda. Chukua koloni la saa 24 kutoka Sabouraud (agari ya kawaida ya kukuzia fangasi), koroga kwenye maji safi hadi seli kama milioni 1 kwa mililita, dondosha mikrolita 5. Sahani hiyo hiyo iwe na aina ya kandida iitwayo SC5314, inayojulikana kutoa duara, na hamira ya maandazi, ambayo kwa kawaida haitoi.

Hatua ya 3: funga sahani zisikauke, 37°C, siku 5 hadi 7.

Hatua ya 4: mwagia rangi ya amido nyeusi, kisha osha kwa asidi ya asetiki. Agari hubaki bluu, palipoliwa protini huwa peupe. Gawanya kipenyo cha koloni kwa kipenyo cha koloni pamoja na duara lake. Ukipata 1, hakuna kitu. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo kimeng'enya kilivyo kikali.

Hatua ya 5: lishuku duara lako. Seli zilizokufa hupasuka na kumwaga ya vakuoli, nayo yanakula albumini vilevile. Watu hukimbilia pepstatini A, dawa inayozuia vimeng'enya vya aspatiki, jamii ya Sap2. Ikifuta duara, umejua ni kimeng'enya cha aspatiki, lakini cha vakuoli nacho huzuiwa na dawa hiyo hiyo. Kwa hiyo panda sahani moja ya ziada usiyoitia rangi, kwangua kidogo ukingo wa koloni, tia methilini ya bluu, tazama kwa hadubini. Seli zilizokufa hugeuka bluu; zikiwa nyingi, duara hilo mimi silihesabu.