Filta Moja kwa Lenzi Zote za Kizamani

Nina lenzi nne za mtumba, zote zimenizidi umri, na filta moja tu ya ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Narekodi video za harusi: jua la saa sita, kamera ikiwa kwenye ISO 100, f/2 na shata ya 1/50, lazima upunguze mwanga kama stopu 7 (kila stopu hukata nusu ya mwanga). Filta nzuri ni ghali, lakini ringi ya kuunganisha filta na lenzi ya kipimo kingine ni bei ya chipsi.

1. Jua kipimo cha filta cha kila lenzi, kwa milimita. Tafuta alama ya ø mbele ya lenzi au nyuma ya mfuniko wake. Usiichanganye na urefu wa fokasi, ile mm inayoonyesha lenzi inavuta kiasi gani. Lenzi ya Helios 44-2 imeandikwa 58, huo ni urefu wa fokasi, lakini inataka filta ya 49mm. Super-Takumar 55mm f/1.8 nayo ni 49. Jupiter-8 ni 40.5, na Nikkor nyingi za 50mm ni 52. Helios yangu haina ø, nikapima kwa vernia (kipimo chenye taya) ndani ya thredi, yale meno ya kufungia filta: 48.2. Vernia inagusa ncha za meno, kwa hiyo husoma pungufu. Usikimbilie kutafuta ringi ya 48!

2. Nunua filta ya lenzi yako kubwa kuliko zote. Yangu ni 67. Nyingine zipatie ringi za kupandisha: 49-67, 52-67. Namba ya kwanza ni upande wa lenzi. Ringi ya kushusha achana nayo, filta ndogo kuliko mdomo wa lenzi itakuachia pembe nyeusi, hasa kwenye lenzi pana kama 28mm.

3. Funga taratibu. Sugua penseli ya 2B kwenye meno ya ringi, maana alumini kwa alumini hung'ang'aniana. Lenzi itazame juu. Weka ringi, izungushe kinyume kwanza mpaka usikie "tik", meno yameketi. Hapo ndipo ukaze, kwa vidole viwili. Ikikataa, toa uanze upya. Mimi niliwahi kulazimisha bibi harusi akiwa anashuka kwenye gari. Ringi ikaingia upande, na Takumar yangu ina kovu mpaka leo.

4. Ikikwama, usiiminye. Ukiiminya inakuwa umbo la yai na kuzidi kushika. Chukua kandambili safi, laza ringi kifudifudi juu ya soli, gandamiza kidogo, kisha zungusha lenzi kinyume cha saa. Shika mwili wa lenzi karibu na mdomo. Ukishika pete ya fokasi utazungusha fokasi tu. Kama filta bado iko juu ya ringi, hakikisha kioo chake hakigusi soli.

5. Kofia ya jua. Ile ya asili haitaingia tena. Zipo za mpira za 67, zinafungwa mbele ya filta. Yangu ilipotea ukumbini, siku hizi msaidizi ananikingia jua kwa bahasha ya kadi ya mwaliko.